Mgonjwa wa Moyo Aulizwe Anaishije, kwa Maswali ya Milimani Kwetu

Daftari la mgonjwa wa moyo anayetoka kliniki hapa Moshi huwa limejaa tarakimu. Kuna shinikizo la damu, mapigo ya moyo kwa dakika, uzito, majibu ya figo na potasiamu, kiasi cha damu ambacho moyo unasukuma kwa kila pigo kama kilivyoonekana kwenye eko (kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti), na miligramu za dawa alizoongezewa au kupunguziwa. Ukilisoma lote, mwanzo hadi mwisho, hutajua kama mtu huyo bado anaweza kupanda kutoka barabarani hadi nyumbani kwake bila kuketi njiani, kama analala amejinyoosha au analala ameketi, kama ameacha kwenda kanisani, wala kama anajiona amekuwa mzigo kwa watoto wake. Pengine mambo hayo yaligusiwa chumbani kwa dakika moja, daktari akaitikia kwa kichwa, yakaishia hapo kwa sababu hakuna mstari wa kuyaandika. Hoja yangu ni kwamba mstari huo unapaswa kuwepo, ujazwe kila hudhurio, na ujazwe kwa tarakimu kama uzito unavyojazwa. Lakini maswali yanayozaa tarakimu hiyo yakichukuliwa vilevile yalivyotungwa Marekani na kuletwa kwenye miteremko ya Kilimanjaro, huko Kibosho na Uru, yatapima maisha ya watu wengine.

Ninaposema ugonjwa sugu wa moyo nakusudia hasa ile hali ya moyo kushindwa kufanya kazi ipasavyo, ambayo wagonjwa wengi huku huieleza kwa kusema moyo umepanuka au moyo umejaa maji. Moyo unakuwa haujasimama. Unasukuma damu pungufu ya mahitaji ya mwili, au misuli yake imekakamaa kiasi kwamba unajaa kwa shida, na kwa sababu hiyo maji hurudi nyuma yakatuama kwenye mapafu, miguuni na tumboni. Chanzo kikubwa barani Afrika ni shinikizo la juu la damu lililokaa miaka mingi bila kutibiwa. Kisha kuna misuli ya moyo iliyodhoofika, wakiwemo akina mama wanaopatwa na tatizo hilo mwishoni mwa ujauzito au miezi michache baada ya kujifungua, na kuna vijana ambao vali za mioyo yao ziliharibiwa na maambukizi ya koo ya utotoni yasiyotibiwa vizuri. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2012, uliowafuatilia wagonjwa 1,006 waliolazwa katika nchi tisa za Afrika, ulikuta wastani wa umri wao ni miaka 52, na kwa asilimia 45 kati yao chanzo kilikuwa shinikizo la damu. Utafiti wa Hospitali ya Taifa Muhimbili uliochapishwa mwaka 2014, uliohusu wagonjwa 427, ulikuta wastani wa miaka 55. Marekani na Ulaya mgonjwa wa namna hii anayelazwa kwa kawaida amekwisha kupita miaka 70.

Tofauti hiyo ya umri si jambo dogo. Mzee wa miaka 75 aliyestaafu, mwenye pensheni na lifti kwenye jengo analokaa, akipungukiwa pumzi anapungukiwa raha na uhuru wake. Mama wa miaka 52 anayeuza ndizi Mbuyuni au nguo za mitumba Kiboriloni akipungukiwa pumzi, nyumba nzima imepungukiwa: ada ya mtoto wa kidato cha tatu, marejesho ya kikoba, mshahara wa kijana anayekata majani ya ng'ombe. Kwa huyu wa pili ubora wa maisha hauwezi kutenganishwa na kazi zake, na kipimo chochote kitakachouliza habari za pumzi na kuacha habari za kazi kitakuwa kimeuliza nusu ya ugonjwa.

Kuna watakaosema kwamba mashine zinatosha. Hazitoshi, na ushahidi wa hilo umekuwepo kwa muda mrefu. Kiasi cha damu kinachosukumwa kwa kila pigo, yaani ile asilimia ya kwenye eko ambayo wagonjwa wengi huikariri kama matokeo ya mtihani, hakiendani vizuri na jinsi mtu anavyojisikia. Yupo mwenye asilimia 25 anayefanya kazi zake, na yupo mwenye asilimia 55 asiyeweza kufunga kamba za viatu bila kuhema. Madaktari walilitambua jambo hilo mapema, ndiyo maana Chama cha Moyo cha New York kilitoa mwaka 1928 madaraja manne yanayotumika hadi leo duniani kote, kuanzia daraja la kwanza la mtu asiye na shida yoyote katika shughuli za kawaida hadi la nne la mtu anayehema hata akiwa amepumzika. Ni kipimo cha haraka na kina manufaa yake. Udhaifu wake ni kwamba anayelichagua daraja ni daktari, na mgonjwa na daktari wake mara nyingi wakiulizwa kila mmoja peke yake hawakubaliani. Isitoshe, madaraja manne ni machache mno: mtu anaweza kuboreka sana, akatoka katika hali ya kushindwa kuoga mwenyewe hadi kuweza kupika, na bado akabaki daraja la tatu.

Ndipo yakaja madodoso. La Minnesota, lililotengenezwa katika miaka ya 1980 na Thomas Rector na Jay Cohn, lina maswali 21, kila moja likijibiwa kwa alama kuanzia 0 hadi 5, hivyo jumla ni kati ya 0 na 105, na kadiri alama zinavyokuwa nyingi ndivyo hali ilivyo mbaya. Linauliza habari za mwezi mmoja uliopita. La Kansas City, lililotokana na kazi ya John Spertus na wenzake na kuchapishwa mwaka 2000, lina maswali 23 kuhusu wiki mbili zilizopita, na alama zake zinakwenda kinyume: 0 ni hali mbaya kabisa na 100 ni nzuri kabisa. Mabadiliko ya alama 5 huhesabiwa kuwa madogo lakini yenye maana kwa mgonjwa, na yakifika 20 ni makubwa sana. Hili la Kansas City ndilo lililotamba. Alama zake zimeonyesha mara nyingi kwamba zinabashiri nani atalazwa na nani atafariki, na mwaka 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani ililikubali rasmi kama kigezo cha kupimia mafanikio ya tiba za moyo. Maana ya uamuzi huo ni kwamba kauli ya mgonjwa kuhusu maisha yake inaweza kuwa sababu ya dawa kupitishwa, jambo ambalo wagonjwa wa miaka ya nyuma hawakulipata.

Sasa tulichukue dodoso hilo tupande nalo mlima.

Sehemu yake ya kwanza inauliza mgonjwa amezuiliwa kiasi gani katika mambo sita: kuvaa nguo, kuoga, kutembea mwendo wa mtaa mmoja kwenye ardhi tambarare, kufanya kazi za bustani au za nyumbani au kubeba vitu kutoka dukani, kupanda ngazi za ghorofa moja bila kusimama, na kuharakisha au kukimbia kidogo kama mtu anayewahi basi. Kwa mkazi wa Moshi mjini, penye mwinuko wa takriban mita 900 na mitaa iliyonyooka, swali la ardhi tambarare lina maana. Kwa mtu wa Kibosho juu au Marangu, ambako vijiji vinafika mita 1,500 na zaidi, ardhi tambarare ni uwanja wa shule na uwanja wa kanisa. Kila anakokwenda ama anapanda ama anateremka, na akiteremka anajua kwamba atalipia wakati wa kurudi. Swali la ngazi lingeweza kusaidia, kwa kuwa kupanda ni kupanda, lakini wengi hawana ngazi katika maisha yao ya kila siku isipokuwa zile za hospitali. Mbaya zaidi ni kwamba lilipotolewa toleo fupi la maswali 12 mwaka 2015, ambalo ndilo kliniki yenye msongamano ingelipenda, mambo sita yalipunguzwa yakabaki matatu: kuoga, kutembea mtaa mmoja, na kuharakisha. Ngazi ziliondolewa, na kazi za nyumbani ziliondolewa pia. Toleo linalotufaa kwa ufupi wake ndilo lililoutupa mlima wetu.

Kuoga nako kunahitaji kuangaliwa. Aliyetunga swali alikuwa na picha ya mtu anayefungua bomba la mvua na kusimama chini yake. Katika nyumba nyingi za vijijini kuoga kunaanza na kuchota maji, kuyapasha moto kwenye mafiga, kunyanyua ndoo hadi bafuni, kisha kuinama na kuinuka mara nyingi ukijimwagia kwa kopo. Mgonjwa anaweza kujibu kwamba kuoga hakumsumbui kwa sababu ndoo hupelekwa na mjukuu, na mwingine mwenye moyo wa nguvu ileile akajibu kwamba kunamsumbua sana kwa sababu anaibeba mwenyewe. Na kuinama si jambo la kupita. Mwaka 2014 madaktari nchini Marekani walieleza dalili ya mgonjwa wa moyo kuishiwa pumzi ndani ya nusu dakika tu baada ya kuinama mbele, wakaihusisha na shinikizo kubwa la maji ndani ya moyo. Wao walimketisha mgonjwa kwenye kiti wakamwambia ainame aguse miguu yake. Huku hakuna haja ya jaribio, kwa kuwa mwanamke analima akiwa ameinama, anapika ameinama, anafagia uwanja ameinama, anadeki ameinama. Ningetakiwa kuchagua swali moja tu la kuongezwa kwenye dodoso kwa ajili ya Kilimanjaro, ningechagua hilo: katika wiki mbili zilizopita, umeweza kuinama kufanya kazi kwa muda gani kabla ya kuhitaji kunyanyuka upate pumzi?

Dodoso linauliza pia ni mara ngapi mgonjwa amelazimika kulala ameketi kitini au kuegemea mito mitatu au zaidi. Ni swali zuri, kwa sababu maji ya mapafuni humsumbua mtu anapolala chali. Lakini nyumba nyingi hazina mito mitatu kwa mtu mmoja. Watu hukunja blanketi, huweka gunia la nguo chini ya godoro upande wa kichwani, huegemea ukuta, au humwomba mwenzi awe egemeo lao hadi alfajiri. Anayeulizwa habari za mito akajibu hapana anakuwa amesema kweli, na kwenye karatasi anaonekana hana dalili.

Tatizo kubwa kuliko yote, hata hivyo, halimo katika mito wala ngazi. Limo katika jinsi mtu anavyouzoea ugonjwa kwa kuyapunguza maisha yake kidogo kidogo. Nimekaa kwenye benchi za kliniki nikimsindikiza ndugu, na nimesikia mazungumzo ya namna hii pazia likiwa wazi. Nesi kijana anamsalimia mama wa makamo aliyefuatana na binti yake: "Shikamoo, mama. Katika wiki mbili hizi umepata shida ya pumzi ukiwa unapanda mlima?" Mama anajibu kwa utulivu: "Marahaba, mwanangu. Sijapata shida, namshukuru Mungu." Nesi anaandika. Binti anaingilia kati: "Mama, si umeacha kupanda? Tangu Pasaka hujafika kwa bibi." Na mama, kama mtu anayeshangaa kuulizwa jambo lililo wazi, anasema: "Sasa nitapandaje, na pumzi zenyewe hakuna?"

Majibu yote mawili ya mama yule ni ya kweli. Hakupata shida ya kupanda kwa sababu hapandi. Dodoso la Kansas City linayo njia ya kushughulikia hilo, kwani linamruhusu mgonjwa kusema kwamba kitu fulani hakukifanya kwa sababu nyingine. Lakini jibu hilo huhesabiwa kama swali lisilojibiwa, na alama ya sehemu hiyo hukokotolewa kwa maswali yaliyobaki iwapo angalau nusu yake yamejibiwa. Mgonjwa wa mlimani akiwekwa pembeni kwenye ngazi kwa kuwa hana ngazi, kwenye kukimbilia basi kwa kuwa bodaboda humfuata mlangoni, na kwenye mtaa tambarare kwa kuwa hauko, alama yake ya uwezo wa mwili itatokana na kuvaa, kuoga na kazi za nyumbani ambazo binti yake amekwisha kuzichukua. Atapata alama nzuri. Daktari akiiona atafurahi, na dozi haitaguswa. Dawa ya tatizo hili ni kuuliza kwanza kazi alizokuwa akizifanya mwaka jana kabla hajaugua, kisha zipi ameacha, kisha nani anazifanya sasa. Swali la tatu ni muhimu kwa namna yake, maana katika familia nyingi jibu lake ni msichana ambaye amepunguza masomo au biashara yake ili amsaidie mama, na hapo ubora wa maisha uliopungua haupo kwa mgonjwa peke yake.

Upande wa maisha ya kijamii dodoso linauliza burudani, kazi, kutembelea ndugu na marafiki, na mahusiano ya ndani. Kwetu orodha hiyo ingebadilika sana. Mtu wa Uchagani anayeshindwa kwenda msibani amepungukiwa kitu ambacho hakiwezi kuhesabiwa pamoja na matembezi ya kawaida, kwa kuwa kuhudhuria msiba ni wajibu unaokumbukwa, na wanaokukosa leo watajiuliza kesho. Kuna jumuiya ndogondogo zinazokutana nyumba kwa nyumba, kuna kikao cha ukoo, kuna kikoba kinachotaka uwepo wako na si fedha yako tu, na kuna mwezi wa Desemba ambapo ndugu wote hupanda kutoka Dar es Salaam na Arusha na kila mmoja anatarajiwa kuonekana kwenye kihamba, yaani shamba la ukoo, cha babu. Mgonjwa anayekwenda shughulini anakutana na chakula cha sufuria moja kilichokwisha kutiwa chumvi na mbege, pombe ya ndizi, inayozunguka kwa wote, na kukataa vyote viwili mbele ya wazee kuna gharama yake. Dodoso la Minnesota lina swali la kulazimika kula kidogo vyakula uvipendavyo, nalo linatufaa zaidi kuliko watungaji wake walivyodhani. Linauliza pia kama ugonjwa umekugharimu fedha, kama umekuwa mzigo kwa familia, na kama dawa zimekuletea matatizo yake zenyewe. Hayo yote ni maswali ambayo hapa Moshi yangejaza karatasi.

Chukua hilo la dawa. Furosemaidi, ile dawa ya maji ambayo wengi huiita Lasix, huanza kukojoza ndani ya saa moja baada ya kumezwa na nguvu yake huendelea kwa saa sita hadi nane. Anayetoka Rombo kuja mjini kupitia Himo, akiwa amebanana na wenzake kwenye gari la abiria lisilosimama kwa ajili ya mtu mmoja, hawezi kuinywa asubuhi. Kwa hiyo siku ya kliniki anaiacha, na wengine huiacha tangu jana yake. Anafika miguu imevimba na uzito umepanda, daktari anaona dawa haitoshi, anaongeza dozi, na mgonjwa anarudi nyumbani na dozi kubwa zaidi ya dawa ambayo tatizo lake ni kwamba haiendani na safari. Siku za soko ni hivyohivyo. Swali moja la ubora wa maisha, lililoulizwa kwa uwazi, kwamba ni siku zipi unaacha dawa na kwa sababu gani, lingebadilisha uamuzi wa daktari palepale. Pengine angemwambia siku hiyo ainywe mchana akisharudi, na dozi ingebaki ilivyokuwa.

Namna ya kuuliza inahitaji uangalifu uleule. Madodoso haya yalitungwa ili mgonjwa ajisomee na kujijazia mwenyewe. Huku mara nyingi yatasomwa kwa sauti na nesi, mgonjwa akiwa mkubwa kiumri na aliyemsindikiza akiwa ameketi kando yake. Adabu yetu inamtaka mtu akiulizwa hali ajibu kwa shukrani kwanza, na malalamiko yafuate baadaye kama kuna nafasi. Anayeuliza akiandika jibu la kwanza atapata alama za juu kila siku. Inapasa kusubiri. Inapasa pia, kwa maswali ya tendo la ndoa na ya kujiona mzigo, kumwomba mtoto atoke kidogo nje kwa heshima, na muulizaji awe wa jinsia ileile na ikiwezekana awe mtu mzima, kwani baba wa miaka 60 hataanza kumweleza binti wa umri wa mjukuu wake kwamba ana hofu ya kufia kitandani. Hofu hiyo ipo, dawa nyingine hupunguza nguvu za tendo la ndoa, na watu huziacha kimyakimya. Majira nayo yasisahauliwe. Mgonjwa aliyeulizwa mwezi wa Aprili, wakati wa masika njia za mlimani zikiwa utelezi, akaulizwa tena Septemba kumekauka, anaweza kuonekana ameboreka kwa alama kadhaa ambazo ni za barabara.

Kuna pingamizi moja ninaloliheshimu. Wapo madaktari wanaoogopa kwamba tukiipa uzito mkubwa kauli ya mgonjwa tutajikuta tunatibu hisia na kuusahau uhai, na historia inawapa haki ya kuogopa. Dawa iliyoitwa flosequinan iliwapa wagonjwa nafuu wakaweza kufanya mazoezi zaidi, kisha mwaka 1993 ikaondolewa sokoni ilipobainika kwamba waliokuwa wakiinywa walikuwa wakifa zaidi. Milrinone ya vidonge, katika jaribio la wagonjwa 1,088 lililochapishwa mwaka 1991, iliongeza vifo kwa asilimia 28. Kwa hiyo kujisikia vizuri pekee hakuwezi kuwa lengo. Lakini ninachokiomba hapa hakiondoi mstari wowote kwenye daftari, kinaongeza mmoja. Na katika utafiti ule wa nchi tisa, ambapo asilimia 17.8 ya wagonjwa walifariki ndani ya miezi sita, ni vigumu kuona jinsi kliniki inavyoweza kumjua anayezidiwa mapema bila kumuuliza maisha yake yanakwendaje.

Jambo hili lina upande wa fedha ambao utatufikia karibuni, tupende tusipende. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inalazimisha taifa kuamua ni huduma zipi zilipiwe, na wachumi wa afya hupima thamani ya tiba kwa kuzidisha miaka inayoongezwa na ubora wa miaka hiyo. Ubora huo mara nyingi hutoka kwenye dodoso fupi la EQ-5D, lenye maeneo matano: kutembea, kujihudumia, shughuli za kawaida, maumivu, na wasiwasi au huzuni. Uzito wa kila eneo hupatikana kwa kuwauliza raia wa nchi fulani wangekubali kupoteza miaka mingapi ya maisha ili waepuke hali fulani. Orodha ya uzito iliyotumika kuliko zote ilitokana na mahojiano ya mwaka 1993 na watu wapatao 3,000 nchini Uingereza. Zimbabwe walijitengenezea ya kwao kwa kuwauliza wakazi wa Harare. Ikiwa thamani ya kidonge kwa mkulima wa Old Moshi itakokotolewa kwa jinsi Mwingereza wa mwaka 1993 alivyoona ubaya wa kushindwa kutembea, basi tutakuwa tumemwachia mtu mwingine atuamulie kushindwa kwenda shambani kuna ubaya gani, na kidonge hicho kinaweza kuachwa nje ya orodha kwa hesabu iliyo sahihi kabisa kimahesabu.

Nini kifanyike? Dodoso la Kansas City lina mwenyewe na matumizi yake yanahitaji kibali, hivyo maswali yake yasichezewe. Yabaki jinsi yalivyo ili alama za wagonjwa wetu ziweze kulinganishwa na za kwingine. Kando yake uwekwe ukurasa wetu, wa maswali yasiyozidi kumi, unaotokana na wagonjwa wenyewe. Moshi ina hospitali ya rufaa ya kanda ya KCMC iliyofunguliwa mwaka 1971 na chuo chake cha udaktari, ina hospitali ya mkoa ya Mawenzi, na ina wagonjwa wanaotoka Same hadi Siha. Watu wa kuifanya kazi hii wapo. Wakae na wagonjwa wa mlimani na wa tambarare, wanawake na wanaume, wawaulize walikuwa wakifanya nini na wameacha nini. Maswali yatakayotokana na mazungumzo hayo yasomwe kwa wagonjwa wengine, na kila mmoja aombwe aeleze kwa maneno yake ameelewa anaulizwa nini. Kisha yajaribiwe: aliyetoka wodini juzi apate alama mbaya kuliko asiyelazwa mwaka mzima, na ambaye hali yake haijabadilika akiulizwa tena baada ya wiki mbili asitofautiane sana na alivyojibu mwanzo. Ukurasa usiopita majaribio hayo urudishwe ukatengenezwe upya, hata kama maswali yake yanavutia.

Na alama ikishapatikana, iwe na mtu wa kuishughulikia. Ikishuka kwa 10 kati ya hudhurio moja na jingine, daktari aione kabla hajaandika dawa, na mgonjwa apangiwe tarehe ya karibu badala ya miezi mitatu. Katikati ya tarehe hizo nesi wa kliniki apige simu, kwa maana maswali matatu ya pumzi, usingizi na miguu yanajibika kwa simu ya kawaida. Dodoso la Kansas City lenyewe linamuuliza mgonjwa ana uhakika kiasi gani kwamba anajua la kufanya, au la kumpigia nani, hali ikibadilika ghafla. Mgonjwa wa Rombo anayejibu kwamba hajui asiondoke na alama ya chini tu iliyoandikwa kwenye faili. Aandikiwe siku hiyohiyo namba ya simu ya kliniki, zahanati au kituo cha afya kilicho jirani naye, na namba ya dereva wa bodaboda au jirani mwenye gari aliyekubali mbele ya familia kumchukua hata saa nane za usiku.